Banda la mbao la kuhamishia vifaranga: zuri ila wavu ubadilishe

Nimelitumia hili banda la kuunganisha mwenyewe kuwatoa vifaranga wangu kwenye bruda (sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga), walikuwa na wiki 6 na manyoya yameshajaa mwili mzima (hilo ndo la kuangalia kwanza, wakiwa bado na vinyoya laini wataumwa na baridi tu). Mbao ni imara, paa halivuji, na matundu ya hewa yako juu kabisa so hewa chafu inatoka bila upepo kuwapiga wakiwa wamelala, hapo fundi kafikiria kweli.

Shida ni wavu jamani. Wameweka ule mwepesi wa kuku, ule unazuia kuku asitoke lakini haumzuii mnyama kuingia, panya anapita na mbwa anauchana, mi niliutoa wote nikaweka wavu mgumu wa matundu madogo ndo nikapata usingizi. Vichanja (vile vya kuku kulalia) navyo viko juu sana kwa wadogo, ikabidi nivishushe kwanza.

Siku za mwanzo niliwafungia humohumo wapazoee, sasa jioni wanaingia wenyewe. Nyota 4.