Mashujaa Tele, Maadui Watatu: Uzoefu Wangu na Pakiti za Marvel Champions

Mwaka wangu wa kwanza na mchezo wa karata wa Marvel Champions niliumaliza nikiwa na mashujaa 15 na maadui 3. Mashujaa watano walikuja na sanduku la msingi: Spider-Man, Captain Marvel, She-Hulk, Iron Man na Black Panther. Kumi nikawanunua mmoja mmoja, kuanzia Captain America hadi Scarlet Witch. Maadui wakabaki walewale wa siku ya kwanza, yaani Rhino, Klaw na Ultron, nao tulishawatwanga mpaka Rhino nikawa namwonea huruma. Ikafika mahali nafungua pakiti mpya, naichezea mara mbili, naiweka kabatini. Nikadhani mchezo wenyewe umeshaniisha hamu. Kumbe nilikuwa nanunua upande mmoja tu.

Kwa ambaye hajawahi kuuona: ni mchezo wa karata wa Fantasy Flight Games uliotoka mwaka 2019, wa mtu mmoja hadi wanne, na wachezaji wote wako upande mmoja. Adui haendeshwi na mtu, anaendeshwa na karata zake. Jambo lililonivuta zaidi ni kwamba pakiti zake si bahati nasibu. Iko michezo ya karata ambayo unanunua bahasha usijue ndani kuna nini, unafungua kumi kutafuta karata moja. Hapa pakiti ya Thor ina karata zilezile kwa kila aliyeinunua duniani. Hakuna karata adimu, hakuna kubadilishana, hakuna mwenye hela nyingi kukuzidi nguvu mezani. Ila raha hiyo ina mtego wake: kwa kuwa orodha ya vilivyopo inajulikana, unajua pia ni vingapi bado huna, na pengo hilo likianza kukuwasha utaenda kulikuna.

Uchezaji wenyewe ni mtamu, na utamu huo unatoka kwenye sheria moja ndogo. Hakuna sarafu wala vito. Karata unazolipia ni hizohizo ulizoshika mkononi. Teke la Spider-Man linalomtoa adui uhai 8 linagharimu 3, kwa hiyo unaweza kulazimika kutupa karata tatu nzuri ili teke hilo moja litoke. Kila zamu unajiuliza nini unakitoa sadaka. Kisha kuna kadi ya shujaa yenye pande mbili. Ukiwa Spider-Man, adui anakushambulia. Ukigeuka ukawa Peter Parker unapumzika, uhai unarudi, unashika karata 6 badala ya 5, lakini huku nyuma adui anasukuma njama yake. Njama ikitimia mmeshindwa wote. Wale tuliokulia kwenye imani kwamba stelingi hafi, tujiandae: hapa stelingi anakufa, na mara nyingine anakufa mapema sana.

Halafu kila shujaa ana karata ya shida zake binafsi, inayochanganywa kwenye karata za adui. Ya Spider-Man ni notisi ya kufukuzwa kwenye nyumba. Uko katikati ya vita na Ultron, roboti zimejaa meza nzima, unafunua karata: mwenye nyumba anakutaka. Ukitaka kuimaliza inabidi ugeuke uwe Peter. Napenda sana kwamba mtunzi aliona ni haki kumdai kodi mtu anayeokoa dunia.

Pakiti ya shujaa ina karata 60. Kumi na tano kati ya hizo ni zake mwenyewe, na hata kabla ya kufungua unajua kwamba fungu lililopangwa tayari lenye karata 40 lipo, unaweza kucheza dakika hiyohiyo. Nyingi kati ya zinazobaki zimegawanyika kwa rangi: nyekundu ya uchokozi, njano ya haki, bluu ya uongozi, kijani ya ulinzi, na za kijivu ambazo ni za wote. Shujaa yeyote anaweza kuchukua rangi yoyote, kwa hiyo pakiti ya Captain America si ya Captain America peke yake. Karata zake za bluu zilimwinua She-Hulk wangu kuliko zilivyomsaidia Kapteni mwenyewe. Hapo ndipo thamani ya pakiti ya shujaa ilipo. Kasoro yake ni marudio. Ili kila pakiti iweze kujitegemea, karata tatu za kulipia, Energy, Genius na Strength, zinarudi tena na tena. Ninazo za kutosha kutandika meza.

Mashujaa wenyewe hawalingani. Doctor Strange ana fungu la pembeni la mazingaombwe lenye karata tano, la juu likiwa limefunuliwa, na akishaanza kulitumia mchezo unageuka maonyesho ya mtu mmoja. Mpwa wangu, ambaye ndiye mwenzangu wa mezani, alinipiga marufuku kumchukua. Hulk ni kinyume chake: zamu yake ikiisha anatupa karata zote zilizobaki mkononi. Kwa tabia ya Hulk ni sahihi kabisa, kwa kushinda ni balaa. Mimi namkumbatia hivyohivyo. Ant-Man nitamtaja kwa sababu moja tu, kadi yake inakunjuka. Anaweza kuwa mdogo, akawa jitu, na kadi ikaongezeka ukubwa mkononi mwako. Watoto wakiiona hawaiachi.

Nilipata pia mkosi mmoja. Pakiti moja niliyoagiza kwa muuzaji wa mtandaoni ilifika na plastiki iliyochanika pembeni. Nikahesabu: 59. Kwa kuwa yaliyomo yanajulikana, nililinganisha na orodha na kwa dakika chache nikajua karata iliyokosekana ni ipi. Muuzaji alichukua wiki kadhaa kunitumia nyingine, na muda wote huo nilicheza na kipande cha karatasi nilichoandika kwa kalamu, kikiwa ndani ya kifuko mbele ya karata isiyo na kazi. Tangu siku hiyo nahesabu kila pakiti kabla sijaichanganya na nyingine. Ukishazichanganya, kujua kipi kilipungua ni kazi ya siku mbili.

Sasa turudi kwa maadui, maana hoja yangu iko huko. Mchana mmoja mpwa wangu alimchukua Spider-Man dhidi ya Ultron. Ultron huiba karata za juu kwenye fungu lako mwenyewe, anazilaza kifudifudi mbele yako, na kila moja inakuwa roboti lake dogo. Hujui ni karata gani imegeuzwa. Alipigana na moja kwa jasho, hatimaye akalivunja, karata ikaenda kwenye rundo la zilizotumika. Akaifunua.

"Mjomba! Kumbe lilikuwa Shangazi May!"

Shangazi May ndiye anayemponya Peter uhai 4, na tulikuwa tunamsubiri tangu mwanzo wa mchezo. Tulicheka mpaka tukasahau zamu ni ya nani. Tukio hilo lilitoka kwenye karata za adui. Pakiti ya shujaa isingeweza kutupa kitu kama hicho, na nilichelewa mwaka mzima kuliona.

Hesabu yake ni nyepesi. Ukinunua shujaa mmoja, umeongeza shujaa mmoja. Ukinunua adui mmoja, mashujaa wote ulionao wamepata kazi mpya. Nilipoleta Wrecking Crew, kila fungu lililokuwa limelala kabatini liliamka. Hao ni wanne kwa mpigo, kila mmoja na uhai wake na karata zake, na wewe unachagua umwendee nani kwanza huku wengine watatu wakiendelea na uharibifu. Captain Marvel wangu aliyemzoea Rhino wa kupigwa usoni moja kwa moja alipotea kabisa. Green Goblin ana mapambano mawili tofauti ndani ya pakiti moja, na katika moja wapo yeye naye ana pande mbili kama sisi, mara mfanyabiashara Norman Osborn, mara kichaa mwenye mabomu.

Kama ningeruhusiwa pakiti moja tu ya nyongeza, ningechukua The Hood. Karibu kila adui kwenye mchezo huu huchanganywa na kikundi kidogo cha karata kinachoweza kubadilishwa: Rhino kwa kawaida huja na kile cha vitisho vya bomu, lakini hakuna anayekuzuia kumpa kile chenye adui mwingine, MODOK. The Hood inakuja na vikundi 9 vya namna hiyo. Maana yake hata Rhino wangu wa kuonewa huruma alirudi na sura mpya. Yeye The Hood mwenyewe hanisisimui sana, nakiri. Mchezo wake una foleni ya karata nyingi na unaweza kuzidiwa bila kujua umekosea wapi. Nilimnunua kwa ajili ya marafiki zake.

Masanduku ya kampeni ni biashara nyingine. The Rise of Red Skull lina Hawkeye, Spider-Woman na maadui watano mfululizo: Crossbones, Absorbing Man, Taskmaster, Zola, kisha Red Skull. Unachokipata au kukipoteza kwenye pambano moja kinakufuata kwenye linalofuata. Ni kununua mashujaa na maadui kwa pamoja, na kwa anayeanza leo, baada ya sanduku la msingi hili ndilo la pili. Hadithi yake ni nyembamba, kurasa chache za kusoma kati ya vita na vita, usitegemee riwaya. Spider-Woman anatumia rangi mbili, jambo linalompa mpangaji wa karata usiku mrefu wa furaha.

Mrefu kuliko wote ulikuwa usiku wa Adam Warlock. Yeye anadai rangi zote nne kwa idadi sawa, na kila karata iwe nakala moja tu. Nilitoa mafungu yote, nikatandaza sakafuni, nikavua karata kutoka kwenye mafungu ya mashujaa wengine sita. Nilimchezea mara moja. Kurudisha kila karata kwa mwenyewe kulinichukua muda kuliko mchezo, na ndipo nilipoacha kuweka mashujaa waliopangwa kabisa. Sasa kila shujaa ana karata zake 15 tu, na rangi zinakaa kwenye sanduku la peke yake zikitenganishwa kwa vibao vya kadibodi. Vifuko vya plastiki vya milimita 63.5 kwa 88 vinatosha, ila nimevisha zile tunazozitumia tu. Kuvisha Energy zote hizo ningekuwa najidanganya.

Kitu kimoja kimenishinda mpaka leo, nacho ni Ronan, wa mwisho kwenye sanduku la kampeni la Galaxy's Most Wanted. Tumemjaribu mara tano. Groot wa mpwa wangu anakua, anameza mapigo, anakua tena, mimi najenga silaha na Rocket, halafu Ronan na lile Jiwe lake la Nguvu anatufagia zamu mbili kabla ya mwisho, kila mara palepale. Jana usiku nimepata ujumbe: "Mjomba, shikamoo. Ijumaa Ronan. Naomba safari hii usije na Hulk."