Kuchukua mbwa kwenye kituo cha wanyama waliotelekezwa Dar: uzoefu wangu

Kwa wote mnaoniuliza yule mbwa wetu tulimnunua wapi: hatukumnunua. Tulimchukua kwenye kituo cha watu wanaookota mbwa na paka waliotelekezwa hapa Dar es Salaam, na sasa ana zaidi ya mwaka nyumbani kwetu. Naandika habari yote mara moja, maana maswali ni yaleyale: bei gani, wanakupa mbwa wa namna gani, na je, analinda kweli?

Jina la kituo sitalitaja, na si kwa ubaya. Niliwaambia nataka kuandika, dada anayepokea wageni akacheka. "Kaka, andika utakavyo, ila jina tuachie. Tukitajwa tu mahali, asubuhi tunakuta boksi getini." Boksi lenyewe huwa la sabuni au la juisi, limetobolewa matundu, ndani mna watoto wa paka ambao hata macho hawajafumbua. Aliyeliacha kaenda zake akijiona katenda wema. Nafasi ndiyo hakuna. Kituo ni nyumba ya kupanga yenye ua mkubwa, mabanda ya mabati na wavu, na makelele utakayoyasikia kabla hujashuka kwenye bajaji. Ruzuku ya serikali hawana. Wanaendesha kwa michango, kwa mitumba wanayouza, na kwa madaktari wa mifugo wawili watatu wanaojitolea siku zao za mapumziko.

Mimi nilikwenda kwa shida ya ulinzi. Mtaani kwetu walikuwa wanang'oa mita za maji na pampu, na mlinzi wa mtaa alikuwa akilala fofofo kuanzia saa saba usiku. Nilichotaka ni dume, tena mdogo, nimlee mwenyewe, mchana nimfunge na usiku nimfungulie, kama tulivyoona kwa wazazi wetu. Nilitoka na jike, mtu mzima, pamoja na karatasi niliyosaini kwamba mnyororo hautamgusa.

Kwanza unajaza fomu. Nimewahi kupanga nyumba Sinza kwa maswali machache kuliko yale. Nyumba ni yako au ya kupanga? Kama ni ya kupanga, mwenye nyumba anajua? Uzio wa nini? Nani anashinda nyumbani mchana? Mkienda kwenu Krismasi, mbwa anabaki na nani? Hapo mimi na mama watoto tukatazamana. Wameuliza kwa sababu wanalijua jiji: Desemba watu wakishahamia Moshi na Bukoba, mageti yanafungwa, na mbwa wanaobaki nje ndio hao wanaofukua majalala hadi Januari.

Halafu wanakuja kukagua. Alikuja kijana mmoja na pikipiki, hata soda akasema baadaye. Akauzunguka uzio wote, akachuchumaa getini, akapitisha mkono chini ya geti mpaka kwenye kiwiko. "Hapa anapita." Akasogea kwenye banda ambalo fundi alikuwa amelimaliza wiki ileile, akalitazama chini. "Masika maji yanapita wapi hapa?" Yalikuwa yanapita palepale. Tukalinyanyua juu ya matofali na kuugeuza mlango usielekee mvua inakotoka. Mwisho akauona mnyororo ukining'inia kwenye msumari, mpya, bado una karatasi ya dukani. Nikamweleza mpango wangu. Akasikiliza vizuri tu, kisha akasema mbwa anayefungwa kutwa anakuwa mkali kwa woga na hasira, hachagui wa kumng'ata, na siku mnyororo ukikatika anaanza na mtoto wa jirani. Kama mnyororo unabaki, mbwa hakuna. Yeye ndiye aliyenitajia kwamba nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008. Mimi nilikuwa sijawahi kuisikia, na naona si peke yangu.

Kuhusu kuchagua: kituo kilikuwa na watoto wa mbwa, wazuri, wanene, na wote walikuwa bado kwenye chanjo. Hawakuachii uondoke na mtoto ambaye hajamaliza dozi za chanjo ya parvo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa. Virusi hivyo vinakaa ardhini miezi mingi, kwa hiyo kama mbwa wa kwanza alifia uani kwako kwa kuhara damu, mtoto utakayemleta bila chanjo atafuata njia hiyohiyo. Wale wanaonunua vibwa kwenye foleni za magari wanajua ninachosema. Daktari akaniuliza nataka mbwa wa kucheza au wa kukaa. Nikasema wa kukaa. Akaniletea Mabibo.

Jina alipewa na kituo kwa sababu aliokotwa soko la ndizi Mabibo, akiwa na kamba ya katani shingoni. Mtu alimfunga akiwa mdogo, mbwa akakua, kamba haikukua. Walipoikata ilikuwa imeingia ndani ya nyama. Leo ukimpapasa shingo, kidole kinakutana na mstari laini usioota manyoya, unaozunguka toka sikio hadi sikio. Sikio la kushoto limekatwa pembe kidogo, alama kwamba amefungwa uzazi, ili siku akiokotwa tena mtu asimpasue bure.

Hili la jike lilinipa shida kichwani. Sisi tunaogopa jike kwa sababu ya msururu wa madume getini na watoto kila mara. Mimba ya mbwa ni kama siku 63 tu, na anaweza kubeba mara mbili kwa mwaka. Paka ndiyo usiseme, wengine wanashika mimba wakiwa na miezi minne. Ila aliyefungwa uzazi hana mambo hayo. Hakuna dume aliyewahi kulala getini kwetu. Hatoroki pia, na huko ndiko mbwa wengi wa mjini wanakogongwa na magari.

Gharama: tulichangia shilingi 60,000. Ndani yake mna upasuaji, chanjo ya kichaa cha mbwa, chanjo ya magonjwa mengine, dawa ya minyoo na ya kupe. Kabla ya hapo niliulizia kwenye kliniki moja ya binafsi, upasuaji peke yake ulizidi hapo zaidi ya mara mbili. Kadi ya chanjo iangalie vizuri popote unapochukua mnyama. Panatakiwa pawe na kile kistika kilichobanduliwa kwenye kichupa cha chanjo, chenye namba ya toleo na tarehe ya mwisho, na pembeni muhuri na saini ya daktari. Kadi iliyoandikwa kwa kalamu tu, "kachanjwa", ni karatasi.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Karibu binadamu wote wanaokipata wanakipata kwa mbwa, asilimia 99 kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, na dalili zikishajitokeza hakuna tiba. Ukiumwa na mbwa usiyemjua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha kimbia hospitali siku hiyohiyo ukaanze sindano. Na kuwaua mbwa wa mitaani, jambo ambalo bado kuna watu wanalipigia debe, hakumalizi ugonjwa: unaua na waliochanjwa, nafasi yao inachukuliwa na wageni wasiochanjwa. Kinachofanya kazi ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, mwaka baada ya mwaka. Pemba walifanya hivyo na ugonjwa ukatoweka mwaka 2014. Ukaingizwa tena 2016, wakarudi kuchanja, wakaumaliza mara ya pili mwaka 2018. Ukisikia halmashauri yako inachanja, mara nyingi ni karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, mpeleke.

Nyumbani wiki za mwanzo hazikuwa na raha. Alijificha nyuma ya tangi la maji, akatoka usiku kula. Bakuli alilikataa, akataka chakula kiwe chini. Mama watoto alipochukua fagio afagie uwanja, mbwa akakojoa alipokuwa amesimama. Kituo walitwambia mapema tusimfuate, tusimwite sana, chakula kiwe saa ileile na mtu yuleyule. Mtu huyo akawa binti yangu, na ugali wake wa dagaa ndio uliomtoa nyuma ya tangi. Mambo ya mbwa kukufurahia mara ya kwanza tu mkikutana, mkia juu na kukulamba miguu, msiyatarajie kwa mnyama aliyepigwa. Aliyeniambia alirudisha mbwa wake kwa sababu "hachangamki" nilimwelewa, ila sikumuunga mkono.

Analinda? Analinda kwa namna yake. Mchana muuza mkaa anaingia na kutoka, yeye kamtazama tu. Usiku ana mlio mmoja mzito paka akipita, na mwingine mtu akisimama ukutani, na tumeshajua kuitofautisha tukiwa kitandani. Mita yetu ipo. Ya jirani upande wa kulia ilichukuliwa tena.

Jirani upande wa kushoto ni ustaadhi, anasomesha watoto madrasa, na nilikwenda kumwona kabla mbwa hajafika. Nilidhani nitakutana na kizuizi. Akaniomba mambo mawili: asivuke kwao akagusa mikeka na vyombo, na asibweke saa za darasa. Kisha akanisimulia mwenyewe habari ya mtu aliyeshuka kisimani akachota maji kwa kiatu chake ampe mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake, na ya mbwa wa watu wa pangoni aliyetajwa katika Suratul Kahf. Wanafunzi wake sasa wanamwita Mabibo kwa jina la Kitmiri, ambalo masimulizi humpa mbwa yule wa pangoni. Anaitika yote mawili.

Nisiwapambe tu. Mawasiliano ya kituo ni mabovu. Simu inaita bila kupokewa, ujumbe unajibiwa saa sita usiku kwa sauti ya dakika tatu ambayo nusu yake ni mbwa wakibweka. Risiti ya mchango niliidai mpaka nikaona aibu. Tangu kujaza fomu hadi kumchukua mbwa ilipita muda mrefu kiasi cha kunikatisha tamaa, na yupo mmoja wa wanaojitolea anayeongea na wageni kana kwamba wote tumetoka kumpiga mnyama njiani. Halafu wengi wetu tunawachukulia kama zimamoto. Nilipiga simu kuhusu paka aliyegongwa, yuko kwenye mtaro, wakaniambia gari hawana, nimlete mwenyewe. Niliudhika, nikamfunga kwa kanga nikampeleka. Walimtibu, hilo siwanyimi. Kwa nyota nawapa nne, na iliyokosekana ni ya simu.

Angalizo kwa mnaotuma pesa: siku hizi kuna watu wanaokusanya michango mtandaoni kwa picha ileile ya mbwa aliyevunjika mguu, mwezi huu yuko Mbagala, mwezi ujao yuko Mwanza. Kabla hujatuma, omba kwenda kuona wanyama walipo, uliza daktari wao ni nani na wamesajiliwa wapi. Kikundi cha kweli kitakupangia hata saa ya kutembelea. Kitakachokupa visababu kila ukiomba, achana nacho.

Kwa wasio Dar: upande wa Arusha kuna kituo kiitwacho Mbwa wa Africa. Nairobi kuna KSPCA, chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, ambao mizizi yao inarudi hadi mwaka 1910. Na Lamu, kwa mwenye punda, shirika la The Donkey Sanctuary wanatibu tangu miaka ya 1980. Utaratibu wa kila mahali ulizeni wenyewe kabla ya kufunga safari.

Kama hutaki mnyama ila unataka kusaidia, wa kwangu wanapokea magazeti ya zamani, mashuka yaliyochakaa, viroba, sabuni ya unga, mchele wa chenga na vichwa vya samaki kutoka soko la Feri, mradi upige simu kwanza, na upige tena wasipopokea. Mifupa ya kuku iliyopikwa msipeleke. Inapasuka vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo, na yule dada atakurudisha nayo getini.