SIPART PS2 kwenye vali ya maji ya boila: uzoefu wangu

Posishona hii ya Siemens, kifaa kinachoisogeza vali hadi pale signali inapotaka, naipa nyota nne. Naitumia kwenye vali inayolisha maji boila ya kiwanda cha sukari. Kiwango cha maji kwenye dramu, yaani tangi la juu la boila, kikiyumba, watumiaji wote wa mvuke wanaathirika, kwa hiyo vali isiyotulia hainipi usingizi.

Sifa kubwa ni kwamba inajipima yenyewe, kwa awamu tano. RUN 1 inatafuta upande wa mwendo, RUN 2 inagusa mwisho wa chini na wa juu, RUN 3 inapima muda wa kusafiri na uvujaji wa hewa, RUN 4 inatafuta hatua ndogo kabisa ambayo vali inaweza kupiga, na RUN 5 inanoa mwitikio. Ikiandika FINSH, tayari. Vali inafunguka na kufunga kabisa wakati huo, kwa hiyo usifanye hivyo boila ikiwa kazini. Kabla ya kuanza, hakikisha YAGL kwenye menyu, yaani pembe ya mzunguko wa mhimili wa posishona, nyuzi 33 au 90, inalingana na swichi iliyo ndani. Wengi wanaruka hapo.

Sasa jambo lenyewe. Vali yetu iliendelea kucheza hata baada ya kujipima. Signali ilibadilika kidogo, shina likagoma, kisha likaruka kupita lengo, posishona ikalirudisha, na mchezo ukaanza upya. Hapo hakuna namba ya kubadilisha kwenye menyu itakayokuokoa: pakingi ya grafiti, inayozuia maji kuvuja kando ya shina, ilikuwa imekazwa mno. Tulilegeza nati kwa kiasi, tukaangalia kwamba haivuji, tukairudisha posishona ijipime upya, na ikatulia. DEBA, yaani eneo ambalo haijibu, niliiacha AUTO. Ukiipanua mno ili vali inyamaze, kiwango cha dramu kitaanza kuelea polepole, na hilo si suluhisho. Kurekebisha kidhibiti cha kiwango cha dramu kuje baadaye. Posishona lazima iwe na kasi kuliko kidhibiti hicho.

Nyota niliyoikata ni ya skrini: vifupisho vyake havisomeki bila kitabu, na fundi mgeni anapotea. Pia inataka hewa kavu isiyo na mafuta. Kompresa yako ikitema maji, weka kichujio kwanza ndipo ununue posishona hii.