Biofix ya soya: misimu miwili, pakiti mbili, na rangi ya kinundu

Wiki ya mwisho ya Mei nilichimba shina moja la soya kwa uma-jembe, nikasafisha mizizi taratibu ndani ya karai la maji, kisha nikapasua kwa wembe kinundu kimoja, kile kivimbe kidogo cha mzizini. Ndani kilikuwa chekundu kama nyama iliyokatwa sasa hivi. Nilichuchumaa pale mtaroni nikakitazama kwa muda mrefu. Mwaka uliotangulia, shamba lilelile, mbegu ileile ya SB19, vinundu vya shina zima vilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na ndani vilikuwa vyeupe kama muhogo.

Misimu yote miwili nilitumia Biofix ya soya, pakiti ya gramu 100. Bidhaa ni ileile. Kilichotofautiana ni mahali ilipowekwa kabla haijanifikia, na nataka mtu anayefikiria kuinunua aelewe kwa nini jambo hilo ni kubwa hivyo.

Nimefundisha biolojia sekondari miaka ishirini na sita. Sasa nimestaafu, nalima hapa Bungoma. Hii si mbolea ya kawaida ya kuacha stoo mpaka mvua inyeshe. Ni bakteria hai, jamii ya Bradyrhizobium, wanaoishi kwenye vinundu vya soya na kuupa mmea nitrojeni ya hewani, na pakitini wamekaa ndani ya unga mweusi wenye unyevunyevu. Unga wenyewe ni masalia ya kuchuja juisi ya miwa kiwandani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi ndio walioitengeneza na kampuni ya MEA ndiyo inayoizalisha. Bei ya pakiti haifiki hata robo ya ile ya mfuko wa CAN, mbolea ya nitrojeni ya dukani, wa kilo 50, na kwa kilo zangu kumi za mbegu pakiti moja ilitosha.

Mwaka wa kwanza niliinunua kwenye duka la pembejeo ambalo sitalitaja. Kijana aliitoa kwenye rafu ya dirishani, chini ya bati, saa nane mchana. Tarehe ya mwisho ilikuwa imebaki wiki mbili. Nikamuuliza kama ana nyingine, akasema, "Mwalimu, hizi zote ni moja tu." Nikalipa. Nilipoifungua, unga ulipeperuka kama vumbi la barabarani. Nilipaswa kurudi nayo siku hiyohiyo. Sikurudi, kwa sababu mvua ilikuwa imeanza na vibarua walikuwa wamekwisha fika.

Mwaka wa pili nilikwenda duka jingine. Mwenyewe, mama mtu mzima, aliitoa kwenye friji, ilikokaa pamoja na chanjo za kuku za kideri. Unga ulishikana vidoleni kama udongo wa bustani. Hapo nikajua nimenunua kitu kilicho hai.

Kuchanganya hakuna ugumu, ila kunataka haraka na kivuli. Ndani kuna kijipakiti cha gundi. Unaikoroga kwenye maji ya uvuguvugu, unamwagia mbegu, unageuzageuza mpaka zote zing'ae, kisha unanyunyiza unga. Tulifanyia chini ya mwembe, mimi na mkaza mwanangu, na mbegu zikatoka nyeusi kama zimepakwa masizi. Asubuhi ileile zikaingia shimoni. Mbolea ya fosforasi ilitangulia, ikafunikwa na udongo, ndipo mbegu, kwa sababu mbolea ikigusana na bakteria hao inawaunguza. Na ukinunua mbegu iliyopakwa dawa ya kuvu, usiichanganye kabisa.

Sasa, kwa nini nikimbilie wembe? Kwa sababu rangi ile ndiyo ripoti ya kiwanda.

Hewa tunayovuta ni nitrojeni asilimia 78, lakini mmea hauwezi kuitumia hivyo ilivyo. Atomi zake mbili zimeshikana kwa vifungo vitatu. Viwanda vya mbolea huvivunja kwa joto la nyuzi 400 hadi 500 na mgandamizo wa zaidi ya mara mia ya hewa ya kawaida. Bakteria wa pakiti hii huvivunja ndani ya vinundu, humu udongoni mwangu, kwa joto la kawaida, kwa kimeng'enya kiitwacho nitrojinesi. Kimejengwa kwa protini mbili. Moja ina chuma, nyingine ina chuma na molibdeni. Kazi yake ni ghali mno: kila molekuli moja ya nitrojeni inayogeuzwa kuwa amonia inakula ATP, yaani molekuli zinazobeba nishati ya seli, zisizopungua 16. Nishati hiyo hutoka kwenye sukari ya majani. Ndiyo maana nikaweka fosforasi, kwani ATP yenyewe haiundwi bila fosfeti. Na ndiyo maana udongo wetu wenye asidi unahitaji chokaa, maana asidi huifungia molibdeni.

Lakini nitrojinesi ina adui, nayo ni oksijeni. Ikikipata kimeng'enya hicho, kinaharibika. Hata hivyo bakteria haohao wanahitaji oksijeni ili wapumue na kutengeneza ATP. Nimewafundisha watoto wengi fumbo hili, na kila mara darasa lilinyamaza. Jibu ni wekundu ule. Mmea hutengeneza legihimoglobini, ndugu wa himoglobini ya damu yetu, yenye chuma vilevile. Inaishika oksijeni na kuwapelekea bakteria kidogo kidogo, ya kuwatosha kupumua bila kukiharibu kimeng'enya. Kinundu chekundu kina hewa ya kipimo na kazi inaendelea. Cheupe hakifanyi kazi. Cha kijani au kahawia kimezeeka, na hiyo ni kawaida maganda yanapojaa.

Amonia nayo ni sumu ikirundikana. Inatoka kwa bakteria na kuingia kwenye seli za mmea, ambako kimeng'enya kiitwacho glutamini sinthetesi huibandika kwenye asidi amino ya glutameti ikawa glutamini. Mbaazi za kizungu hupeleka nitrojeni yao majanini zaidi kwa njia ya asparajini, asidi amino nyingine. Soya, kunde na maharagwe wana njia nyingine, na hii ndiyo iliyomfanya mzee wangu aache gazeti anisikilize.

Mzee wangu ana jongo. Kidole gumba cha mguu kikiamka, nyumba nzima hailali. Jongo ni asidi ya yuriki iliyozidi damuni ikaganda kwenye viungo. Ni kitu kilekile kinachofanya kinyesi cha kuku kiwe na weupe. Sasa kinundu cha soya nacho kinatengeneza asidi ya yuriki, makusudi kabisa. Kisha kwenye seli jirani, zile zisizo na bakteria, kimeng'enya kiitwacho yurikesi kinaanza kuigeuza, na mwishowe inakuwa alantoini, kampaundi inayobeba nitrojeni, nayo hupanda na maji hadi majanini. Sisi binadamu jeni yetu ya yurikesi haifanyi kazi, kwa hiyo asidi hiyo inatukalia mwilini. Hata dawa ya jongo anayomeza mzee wangu kila siku, alopurinoli, watafiti waliwahi kuipa mizizi ya soya, na njia hiyo ya alantoini ikakatika, kwa sababu dawa hufunga kimeng'enya cha hatua iliyotangulia.

Akaniuliza, "Basi nikichemsha hiyo mizizi ninywe?" Nikamwambia hapana, baba. Kimeng'enya ni protini. Moto utakiharibu, na kilichobaki tumbo litakimeng'enya kama nyama. Endelea na vidonge vya daktari.

Turudi kwenye pakiti. Msimu wa pili niliacha mistari minne bila Biofix, mwisho wa shamba. Wiki ya tano bado ilikuwa vigumu kuitofautisha. Ilipofika maua, ile minne ilikuwa na umanjano kwenye majani ya chini, na iliyopakwa ilikuwa kijani cha kukoza. Kwenye kuvuna, mistari minne isiyopakwa ilinipa gorogoro tatu zisizojaa vizuri. Minne ya jirani yake, urefu uleule, ilitoa tano na kitu. Hilo ni shamba moja na msimu mmoja, lakini ni shamba langu na nililipima mwenyewe.

SB19 ni mbegu isiyochagua sana. Hukubaliana hata na bakteria wenyeji, ndiyo maana mistari ile haikukosa vinundu kabisa. Kwa maharagwe sisisitizi sana, kwa kuwa udongo wetu umelimwa maharagwe vizazi na vizazi na bakteria wao wamejaa tayari, kwa hiyo tofauti huwa ndogo. Ukitaka kujaribu, chukua pakiti iliyoandikwa maharagwe, maana ya soya haifai huko.

Jirani yangu alipaka Biofix vizuri, kisha wiki ya tatu akamwaga CAN ili "kuiongezea nguvu". Nilimwonea huruma. Mmea ukipata nitrojeni ya bure udongoni, haugharamii vinundu. Amepoteza pesa mara mbili.

Kwa soya nitainunua tena bila kusita. Ninachouliza dukani sasa ni mambo matatu: tarehe, friji iko wapi, na kama naweza kuibonyeza pakiti nisikie kama bado ina unyevu. Yule mama wa friji nimekwisha mwambia aniwekee mbili mwezi wa tatu. Mistari minne ya kulinganisha nitaiacha tena, safari hii upande wa mtoni, ambako udongo ni mwekundu zaidi.