Kozi ya wahudumu wa dharura Kinondoni: darasani safi, barabarani bado

Anayetaka kujua kubonyeza kifua ipasavyo, kozi hii ya siku tatu haitamtupa. Midoli ipo ya kutosha, nayo inalia "tak" mikono ikifika kina kinachotakiwa. Kwa mtu mzima ni sentimita 5 hadi 6, kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, mabonyezo 30 kisha pumzi 2. Mkufunzi yuko makini na jambo linalopuuzwa na wengi: kifua kiachwe kirudi juu chote kabla ya bonyezo linalofuata. Ukikiegemea, moyo haupati nafasi ya kujaa damu, hata kama hesabu yako iko sawa. Kila baada ya dakika 2 watu wanapokezana, hata kama anayebonyeza anajiona bado ana nguvu. Mikono hulegea kabla mwenyewe hajashtuka.

Kipindi cha kuzuia damu nacho kimeshiba. Unaweka gozi, yaani kitambaa cha kufungia jeraha, unakandamiza kwa uzito wa mwili, na hufunuifunui kuchungulia kama imekata. Damu ya mkono au mguu ikizidi kububujika, unafunga mkanda mpana, umbali wa sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, kamwe si kwenye kiungo chenyewe cha goti au kiwiko, unakaza mpaka isimame, unaandika saa. Kamba nyembamba haifai: inaumiza nyama huku mshipa mkubwa ukiendelea kumwaga.

Tatizo ni kwamba yote haya yanafanyika kwenye vigae, kiyoyozi kinapuliza, na mgonjwa wa maigizo kalala chali kwa adabu. Ajali ya bodaboda Ubungo au Barabara ya Mandela haiko hivyo. Majeruhi yuko kifudifudi, helmeti kichwani, na watu wanne wameshamdaka mikono na miguu wamtupie kwenye bajaji. Asipopumua vizuri helmeti lazima itoke, na hiyo ni kazi ya wawili: mmoja anashikilia taya na kisogo shingo isicheze, mwenzake anaipanua pembeni na kuivuta taratibu. Kwenye kozi hii jambo hilo limeishia slaidi moja tu. Kumgeuza mtu kichwa, mabega na nyonga kwa pamoja hakuna aliyefanyishwa. Kuuamuru umati pia hakuna: "Kaka wa shati jekundu, simamisha magari. Dada, piga 112."

Kukabidhi mgonjwa hospitali kumepitiwa juujuu, wakati muuguzi wa zamu pale Amana au Mwananyamala anahitaji maneno machache yaliyopangwa: umri, kilichotokea na saa ngapi, majeraha, upumuaji, mapigo na fahamu, kisha ulichofanya.

Kabla ya kulipa, uliza kama zoezi la nje la siku ya tatu litafanyika kweli. Kwenye ratiba limo, ila muda wake unaliwa na picha na kugawa vyeti. Na vaa suruali nzito, magoti yatakiona.