Tahadhari: barua zinazodai malipo ya mabango ya sheria za kazi Marekani

Ndugu zangu mnaoendesha biashara ndogo huku Marekani, hasa mliosajili kampuni hivi karibuni, ninawatahadharisha kuhusu barua ambayo mimi mwenyewe niliilipia kabla ya kuisoma vizuri. Ilifika kwa posta wiki chache tu baada ya usajili, katika bahasha ya kaki. Juu ilikuwa na nembo ya tai, namba ya kampuni yangu kama ilivyo kwenye hati za jimbo na tarehe ya mwisho ya kujibu, kisha sanduku la wino mzito lililoeleza kwamba mwajiri asiyebandika matangazo ya sheria za kazi anaweza kutozwa faini ya maelfu ya dola. Chini kulikuwa na fomu ya kulipa dola 98, na kwa mtu mwenye haraka ilikuwa vigumu kuitofautisha na hati ya madai ya serikali.

Haikutoka serikalini. Aliyeituma ni muuzaji wa kawaida wa mabango yenye matangazo hayo, anayechota majina na anwani kutoka kwenye kumbukumbu za usajili wa makampuni, ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzisoma, na ndiyo maana namba yako anaijua. Sheria ya posta ya Marekani inataka barua ya biashara inayofanana na ankara, au na waraka wa serikali, ieleze waziwazi kwamba sivyo ilivyo. Katika barua yangu maelezo hayo yalikuwepo, lakini yalichapishwa nyuma ya karatasi kwa herufi ndogo za kijivu, nami, nakiri, sikuigeuza.

Mtego huu unanasa watu kwa sababu umejengwa juu ya jambo la kweli. Mwajiri ana wajibu wa kubandika matangazo haya mahali ambapo wafanyakazi wake watayaona bila kuyatafuta: lile la kima cha chini cha mshahara na saa za ziada linalotokana na sheria ya mwaka 1938, lile la OSHA, wakala wa shirikisho wa usalama na afya kazini, lile linalowakinga wafanyakazi wengi wa sekta binafsi dhidi ya kupimwa kwa mashine ya kubaini uongo, na mengine kulingana na ukubwa wa kampuni, bila kusahau yale ya jimbo lako. Faini nazo zipo. Kwa kutobandika tangazo la OSHA, kiwango cha juu mwaka 2024 kilipita dola 16,000. Lakini kwa tangazo la kima cha chini cha mshahara, Idara ya Kazi yenyewe inasema hakuna faini kwa kosa la kutolibandika. Muuzaji wangu aliyachanganya yote katika sentensi moja, akaweka tarakimu kubwa kuliko zote mbele.

Jambo ambalo barua haikulitaja popote ni kwamba matangazo haya ni ya bure. Idara ya Kazi ya Marekani inayatoa bila malipo, na kwenye tovuti yake kuna kifaa kinachokuuliza maswali machache kuhusu shughuli zako na idadi ya wafanyakazi, kisha kinakuonyesha yanayokuhusu. Idara za kazi za majimbo nazo hutoa ya kwao. Mimi nina wafanyakazi tisa. Sheria ya shirikisho ya likizo ya familia na ugonjwa humgusa mwajiri binafsi mwenye watu 50 au zaidi, na sheria nyingi zinazosimamiwa na EEOC, tume ya usawa katika ajira, huanzia kwa watu 15, ingawa sheria ya jimbo inaweza kuanzia idadi ndogo zaidi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya nilichonunua haikunihusu hata kidogo.

Lililonikera zaidi ni bango lenyewe lilipofika. Lilikuwa zuri kwa macho, kubwa, limefunikwa plastiki, nami nikalitundika karibu na saa ya kuingilia kazini nikijiona mwajiri mwangalifu. Miezi miwili baadaye nililinganisha maandishi yake na matoleo rasmi. Sehemu ya EEOC ilikuwa na kichwa cha zamani kilichobadilishwa Oktoba 2022, na haikutaja sheria ya haki za wafanyakazi wajawazito iliyoanza kutumika tarehe 27 Juni 2023. Tangazo la mshahara halikuwa toleo la Aprili 2023, lililosasisha maelezo ya haki ya mama anayenyonyesha kukamua maziwa kazini. Kima cha chini cha jimbo kilikuwa cha mwaka uliopita. Nilikuwa nimelipa, na bado sikuwa nimetimiza sheria.

Baadaye alinipigia simu mtu aliyejitambulisha kuwa wa "kitengo cha utiifu", akisema sheria imebadilika na lazima ninunue bango jipya zima. Msikubali maneno hayo bila kuhakiki, kwa maana si kila toleo jipya linafuta la zamani. OSHA ilipotoa bango lake jipya mwaka 2015, ilisema waajiri hawalazimiki kuyaondoa matoleo ya awali. Mkilichapa wenyewe, mjue kwamba nakala yake isipungue inchi 8.5 kwa 14, hivyo karatasi ya kawaida ya ofisini haitoshi. Alijaribu pia kuniuzia mabango ya kutumwa kwa barua pepe. Maelekezo ya Idara ya Kazi ya Desemba 2020 yanakubali njia ya kielektroniki peke yake pale tu ambapo wafanyakazi wote wanafanya kazi kutoka mbali, wamezoea kupokea taarifa kwa njia hiyo, na wanaweza kuzifungua wakati wowote. Watu wangu hufanya usafi katika majengo.

Simaanishi kwamba kila anayeuza mabango haya ni tapeli. Wapo wanaosema wazi kwamba wao ni wafanyabiashara, kwamba yaleyale yanapatikana bure, na kwamba unalipia urahisi wa kupata yote katika karatasi moja. Huyo ni muuzaji halali. Anayejivika joho la serikali ndiye ninayewaonya juu yake.

Mwaka wa pili kadi yangu ilikatwa tena bila kuulizwa, kwa sababu fomu ile ilikuwa na kisanduku cha "masasisho" kilichokwisha kutiwa alama. Nimepeleka malalamiko kwa FTC (tume ya biashara ya shirikisho), kwa wakaguzi wa posta wa shirikisho na kwa mwanasheria mkuu wa jimbo, nikiambatisha barua pamoja na bahasha yake, kwa hiyo nanyi msiitupe bahasha. Benki imenirudishia malipo ya pili. Yale ya kwanza imekataa, kwa hoja kwamba bidhaa niliyoagiza ilifika.