Sabuni, losheni na kinga ya jua: cha kumnunulia mtoto wa miaka 9 hadi 12 hapa Mombasa

Orodha huanza kuletwa nyumbani mtoto akiwa gredi ya tano au ya sita. "Mama, nataka seramu ya vitamini C, na toni, na ile krimu ya retinoli." Seramu ni majimaji mazito ya kupaka usoni, na toni (toner) ni maji ya kufutia uso baada ya kunawa. Ameziona TikTok, rafiki zake wanazitaja wakati wa mapumziko, na mwenye duka hamkatalii mtoto aliyeshika pesa. Jibu langu nalitoa mapema: mtoto wa umri huu anahitaji vitu vitatu, yaani sabuni isiyomkausha, losheni nyepesi na kinga ya jua. Pesa zikibana, viwili vya mwanzo na kofia vinatosha.

Retinoli huharakisha ngozi kuacha tabaka la juu na kutoa jipya. Mtu wa miaka 45 anaweza kuihitaji. Ngozi ya mtoto wa miaka 10 inafanya kazi hiyo yenyewe, tena vizuri. Ukimpaka, pamoja na asidi za kuchubua kama glikoliki, unachopata ni uso unaowasha na kubabuka, na kwenye ngozi zetu nyeusi kila palipobabuka huacha doa linalokaa miezi.

Kinachotokea usoni mwake ni hiki: homoni huanza kuamka miaka kadhaa kabla hajabaleghe, na tezi za mafuta za kwenye paji la uso, pua na kidevu huanza kutoa mafuta zaidi. Mafuta yakichanganyika na ngozi iliyokufa, vitundu huziba. Ndipo huja vidoa vyeusi vya puani na vipele vidogo vya kwenye paji. Vidoa hivyo si uchafu, kwa hiyo usimsugue wala usimgombeze kwamba haogi.

Anza na maji yako

Kabla ya bidhaa yoyote, tazama maji yanayotoka bombani kwako. Nyumba nyingi za kisiwani na za pande za Likoni, Kisauni na Changamwe zinatumia maji ya kisima yenye chumvi. Maji matamu ya Mzima na Baricho hayafiki kila siku, na mitungi ya mkokoteni inanunuliwa kwa kunywa na kupikia, si kwa kunawia uso. Maji ya kisima aghalabu yana kalsiamu na magnesi nyingi. Sabuni ya kawaida ikikutana na madini hayo haitoi povu la maana; hugeuka utando mweupe, ule unaouona umeshika ukingoni mwa karai. Utando huohuo hubaki usoni mwa mtoto. Tena sabuni ya kawaida ina pH, yaani kipimo cha asidi na magadi, ya 9 hadi 10, ilhali ngozi yenye afya iko karibu na 5. Ndiyo sababu anatoka bafuni uso unamvuta, na kabla hajafika shuleni amepauka.

Jambo la pili ni udhu. Mtoto anayesali huosha uso mara tano kwa siku, na maji matupu yanatosha kuondoa jasho na vumbi. Sabuni ya uso iwe asubuhi na jioni tu, akitoka kucheza. Nimeona watoto wanaopaka sabuni kila wanapotia udhu kwa sababu wanaogopa chunusi, na uso unazidi kukasirika.

Kwa hiyo bidhaa nimezipanga kwa nafasi, kuanzia ya kununua kwanza hadi ya kuacha, kwa kutazama maji yetu, jasho letu na mfuko wa mzazi wa kawaida. Kwa mji wenye baridi na maji laini ningepanga vingine.

Nafasi ya kwanza: kipande cha kuogea ambacho si sabuni hasa, na losheni moja isiyo na manukato

Mfano unaoupata karibu kila supamaketi ni Dove. Ukikishika utadhani ni sabuni, ila kinachosafisha zaidi ndani yake si mafuta yaliyopikwa kwa magadi. pH yake iko karibu na 7, na kwenye maji ya chumvi hakifanyi utando mwingi kama ule. Ukipata kile cha ngozi inayowasha upesi (sensitive skin) kisicho na harufu, chukua hicho. Mtoto anakitumia usoni na mwilini, na kaka yake anayerudi kutoka uwanjani amelowa jasho anatumia hichohicho. Watoto wa kiume husahauliwa katika mazungumzo haya, na chunusi zao mara nyingi ndizo huja kuwa kali zaidi.

Kikate vipande viwili, kimoja kikae kabatini. Kwa unyevu wa Mombasa kipande kilichoachwa kwenye kisahani chenye maji huyeyuka mbio.

Losheni ichaguliwe kwa kusoma nyuma ya chupa. Tafuta gliserini miongoni mwa viambato vya mwanzo, na maneno "fragrance free". Usidanganywe na "unscented", kwani hiyo yaweza kuwa na manukato yaliyotiwa kuficha harufu nyingine. Iwe nyepesi, ya kumiminika. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, kiasi cha punje mbili za kunde kinatosha uso mzima, na siku za joto kali hata asipake usoni si neno. Upepo wa kusi ukishika, Juni na Julai, ngozi hukauka zaidi, na hapo aongeze.

Apake uso ungali na unyevu. Hilo lina faida kuliko kubadilisha losheni.

Nafasi ya pili: seti za duka la dawa

Cetaphil na CeraVe ni nzuri kweli, na kama mtoto ana pumu ya ngozi, au alikuwa nayo utotoni, kwake hizi ndizo za kwanza. CeraVe ina seramidi, mafuta yaleyale ambayo ngozi hujitengenezea ili isipoteze maji. Sabuni ya uso ya Cetaphil iitwayo Gentle Skin Cleanser haitoi povu na inaweza kufutwa kwa kitambaa laini chenye maji kidogo, jambo la kusaidia nyumba ambayo maji matamu yanapimwa kwa mtungi. Kilichoziweka chini ya Dove ni bei: chupa moja ya CeraVe huvuka shilingi elfu moja kwa urahisi, na mtoto wa miaka 11 anaweza kuimaliza kwa mwezi akijipakia kama anavyoona kwenye video.

Angalia chupa kabla hujalipa. CeraVe yenye herufi SA ina asidi ya saliksiliki. Hiyo iache mpaka daktari aseme.

Nafasi ya tatu: bidhaa za watoto wachanga

Zinafaa usipopata kitu kingine. Wengi huamini kwamba kilichoandikwa mtoto ni laini, lakini losheni nyingi za watoto wachanga zimejaa manukato, na manukato ni moja ya sababu kubwa za mzio wa ngozi. Soma nyuma ya chupa vilevile.

Nafasi ya nne: vya nyumbani

Hapa nakwenda taratibu, kwa sababu bibi zetu walitunza ngozi zao kwa vitu hivi na walipendeza.

Mafuta ya nazi yanafaa sana kwenye miguu, viwiko na magoti yaliyopauka. Usoni mwa mtoto ambaye mafuta yake yenyewe yameanza kuamka, yanaziba vitundu. Na si yale unayompaka usoni tu. Mafuta ya nywele, ya nazi au ya kopo, huteremka na jasho hadi kwenye paji, na vipele hujipanga pale penye mpaka wa nywele. Madaktari wa ngozi wamelijua hilo tangu miaka ya 1970. Msichana anayevaa hijabu akiwa na vipele vya paji, kabla ya kumnunulia chochote, punguza mafuta ya nywele na ubadilishe kitambaa cha ndani kila siku, kifuliwe kwa sabuni kidogo na kisuuzwe vizuri. Mara nyingi hilo peke yake linamaliza kazi.

Liwa iliyosagwa nyumbani, isiyochanganywa na marashi, haina ubaya mara moja moja, inapoza. Singo ni ya bibi harusi. Ina chembe za kusugua, na karafuu iliyomo huwasha ngozi changa, kwa hiyo isubiri.

Ndimu hapana kabisa. Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi na jua likapiga, ngozi huungua na kufanya malengelenge, kisha huacha alama nyeusi. Dawa ya meno juu ya chunusi nayo huunguza.

Nafasi ya tano, kisha ya mwisho

Sabuni za kuua vijidudu naziweka ya tano. Zinakausha, na vipele vingi vya umri huu havihitaji kuuliwa vijidudu. Vile vinavyowasha shingoni na mgongoni msimu wa joto huwa ni harara, jasho lililoziba. Dawa yake ni maji, nguo ya pamba na feni. Za kusugua zenye chembechembe ziko hapahapa.

Za mwisho ni seti za seramu na toni. Hakuna kinachopungua mtoto akizikosa. Akilia kwamba rafiki zake wote wanazo, mnunulie kibandiko cha chunusi kisicho na dawa. Kinafunika kipele, kinamzuia kukitoboa kwa kucha, naye anajiona ana kitu chake.

Kinga ya jua

Hii haikuingia kwenye nafasi kwa sababu ni ya kila mtoto, sabuni yoyote utakayochagua. Ngozi nyeusi ina kinga yake, lakini jua la Pwani ni kali mwaka mzima, na ndilo linalolifanya doa la chunusi likolee na kuchelewa kuondoka. Mzazi anayelalamika kuhusu madoa huku mtoto akishinda juani bila kofia atazidi kuhangaika.

Tafuta SPF (kipimo cha nguvu ya kinga) 30 au zaidi, yenye maneno "broad spectrum", yaani inayokinga aina zote mbili za miale ya jua, UVA na UVB. Zenye madini ya zinki ni laini zaidi kwa ngozi inayowasha, ila huacha weupe usoni, na mtoto atachekwa shuleni akakataa kupaka tena. Mpeleke dukani, ajipake kidogo kwenye taya, muione wote wawili kwenye mwanga wa nje. Bora ya kati anayoipaka kuliko nzuri inayokaa kabatini. Kipimo cha uso na shingo ni mistari miwili, urefu wa kidole cha shahada na cha kati. Akienda kuogelea Bamburi, arudie kila baada ya saa mbili na kila atokapo majini, na saa sita hadi saa tisa mchana bora awe kivulini. Apake baada ya udhu, si kabla.

Kwa mtoto mwenye ualbino mpangilio wote unabadilika: kinga ya jua ndiyo ununuzi wa kwanza, wa pili na wa tatu. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango wa kutoa losheni hizo bure kupitia hospitali za serikali. Mwandikishe.

Usichonunua kwa bei yoyote

Krimu za kung'arisha. Nataja kwa uchungu kwa sababu zinauzwa waziwazi, na huwafikia watoto kupitia kwa dada na shangazi wanaotaka kusaidia madoa yaondoke. Kenya imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Zebaki hupenya ngozini na kuharibu figo na mishipa ya fahamu. Tyubu ndogo zilizoandikwa "clobetasol" au "betamethasone" ni steroidi: chunusi hupoa kwa siku chache, kisha ngozi hukonda, na ukiacha kupaka hulipuka vibaya kuliko mwanzo. Kopo lisilo na orodha ya viambato, au lililochotwa na kupakuliwa upya dukani, lipite.

Tafuta alama ya ubora ya KEBS, Shirika la Viwango la Kenya, au stika yake ya bidhaa zilizoagizwa kutoka nje. Namba ya kibali unaweza kuihakiki kwa kutuma ujumbe mfupi kwenda 20023, ukianza na SM#. Pia tazama bidhaa imekaa wapi. Losheni iliyoshinda kwenye meza juani huko Kongowea au nje ya Marikiti imepikwa siku nyingi kabla hujaifikia; kinga ya jua ndiyo huharibika zaidi. Kwa hiyo hiyo moja nenda duka la dawa lenye kivuli na feni, hata kama bei imezidi kidogo.

Ukifika nyumbani usianze vyote siku moja. Sabuni kwanza, wiki mbili, kisha losheni, kisha kinga ya jua. Kila kipya kijaribiwe ndani ya kiwiko siku tatu kabla ya kufika usoni, ili kikimkataa ujue ni kipi.

Chunusi zikiwa na uvimbe mgumu wenye maumivu, zikiacha makovu, au zikitokea kwa mtoto chini ya miaka 8, hapo hakuna cha kununua. Mpeleke kwa daktari wa ngozi, na ubebe kila kopo alilowahi kupaka, pamoja na lile la mafuta ya nywele.